Panya wa Futi Tatu

Kwaru, kwaru, kwaru. Kimya. Kisha tena: kwaru, kwaru.

Fundi alikuwa amejaa povu la sabuni usoni, macho ameyafumba, mkono mmoja unapapasa kopo la maji. Akaganda. Sauti ilitoka ukutani, katika ule ukuta unaotenganisha bafu na jiko, na ilikuwa sauti ya mpango, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria kwa adabu ili wageni wasisikie.

"Mke wangu! Uko jikoni?"

Ikapita pumzi moja.

"Nipo," mkewe akajibu kutoka upande wa pili, kwa sauti ya mtu aliyemeza kitu upesi. "Nakuchemshia chai."

"Husikii kitu kinakwaruza?"

"Mimi? Hapana. Labda ni sikio lako, limeingia sabuni."

Akajimwagia maji, akafumbua macho, akautazama ukuta. Ulisimama wima kama siku aliyoujenga. Akatikisa kichwa. Panya, akajisemea. Panya ameingia nyumbani kwangu.

Kazini walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye kipande cha chuma inayomwambia fundi kama ukuta umesimama au umelewa. Walimpa jina hilo kwa sababu yeye hakuihitaji kamba yenyewe, ingawa siku zote ilikaa mfukoni mwake. Alifumba jicho moja, akautazama ukuta wa mwenzake, akasema, "Huu umeinama unene wa kidole. Bomoa." Wakipima, wanakuta kidole kamili, hakikuzidi wala hakikupungua. Na hakusema kwa upole. Fundi aliyezaliwa na uhodari na upole vyote viwili ni mgeni adimu. Timazi alipewa uhodari, upole akaambiwa asubiri.

Nyumba yake aliijenga mwenyewe: vyumba viwili vya matofali, na nyuma yake jiko. Jiko hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Ndani alilipiga lipu ya udongo mwekundu alioufuata mbali, akauchekecha mara tatu mpaka ukawa laini kama unga, kisha juu yake akapaka chokaa. Asubuhi jua likiingia dirishani, ukuta uling'aa kama jino la mtoto. Sasa panya auchimbe? Panya gani huyo asiye na heshima?

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa changa, nao wakaizika kimya kimya katika maneno wasiyoyasema, kila mmoja akimwogopea mwenzake. Hii ya pili ilipoingia, Timazi aliapa kwamba mke wake hatakosa kitu. Alipotamani malimau, alileta kapu zima. Alipotamani barafu, alikimbia nayo kutoka dukani imefungwa kwenye gazeti, ikidondoka njia nzima, akafika na kipande kama sarafu. Kazini alijitapa: "Wa kwangu hatamani kitu nisichoweza kukileta."

Ila kulikuwa na siku moja. Mvua ya kwanza ilikuwa imepiga, vumbi limelala, ardhi inanukia. Mkewe alisimama mlangoni, akavuta harufu ile mpaka macho yakamlegea.

"Fundi wangu," akasema, "nikitamani udongo je?"

Timazi alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Udongo! Unajenga nini humo tumboni, ghorofa? Nikuletee na chokaa upake kabisa? Wanaokula udongo ni nyungunyungu, mke wangu. Mke wa fundi ale udongo, watu watasema simlishi! Kwangu huo ni mwiko."

"Mwiko upi?" mkewe akauliza. "Wa kupikia au wa kupigia lipu?"

Wakacheka wote wawili. Timazi alicheka kwa sababu ilikuwa mzaha. Kwa nini mkewe alicheka, hakujiuliza. Kesho yake alikwishasahau.

Sasa alianza vita na panya. Alinunua mtego wa waya wenye meno, akauficha nyuma ya gunia la mkaa na punje ya karanga juu yake. Hakumwambia mkewe, mjamzito hashtuliwi, alijisemea, na kusema kweli, aliona aibu ya fundi ambaye nyumba yake ina panya. Usiku ulipita, mtego haukulia. Asubuhi akaenda kuutazama, akapenyeza mkono nyuma ya gunia kwa kupapasa, na mtego ukalia. Paa! Ulikuwa umemkamata yeye, kidole gumba.

"Kidole kimefanya nini?" mkewe akauliza alipoona ukucha umeiva kama zabibu.

"Nyundo."

"Nyundo? Wewe?"

"Nyundo haina rafiki," alisema Timazi, akatoka upesi.

Siku tatu baadaye alichukua ungo uliotundikwa ukutani karibu na dirisha, apepetee maharage, maana mkewe alikuwa amekwenda kununua maziwa. Nyuma ya ungo akaliona: tundu. Lilikuwa na upana wa ngumi, limeingia ndani ya lipu yake, kingo zake laini, zimezunguka vizuri kama bakuli. Udongo mwekundu aliouchekecha mara tatu ulikuwa umekwenda.

Damu ikampanda kichwani. Hakutazama zaidi. Mafundi wana dawa yao ya panya, nayo ni ya zamani kuliko sumu za dukani: unaponda chupa mpaka iwe kama chumvi ya mawe, unaichanganya na tope, unaziba. Panya akirudi kuchimba, anakutana na wembe. Timazi akaponda chupa juu ya jiwe, akachukua udongo uleule aliobakiza kwenye ndoo, maana hakutaka kiraka kionekane, akaukanda kwa maji, akauchanganya na chupa, akaziba. Akausawazisha kwa mwiko wake mdogo, akapaka chokaa juu, mpaka hata yeye asingejua tundu lilikuwa wapi. Akautundika ungo. Udongo mbichi ulinukia jiko zima kama mvua ya kwanza. Akatoka kwenda kazini akipiga mluzi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Yeye alikuwa ameziba.

Kazini walikuwa wakijenga ghala la nafaka. Saa nne walikaa kunywa chai kwenye kivuli cha jukwaa, karai na masepeto yamelala pembeni. Timazi hakuweza kulinyamazia jambo lake.

"Leo kuna panya atakayelia kwao," akasema. "Nimemzibia kwa chupa."

Aliyemsikiliza kwa makini ni Mama Zege. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mama wa watoto wanne, na kazi yake ilikuwa kuchanganya mchanga, saruji na maji. Hakuna mwanamume pale aliyechanganya kama yeye, na hakuna aliyemshinda kwa maneno. Timazi mwenyewe hajawahi kumwambia bomoa.

"Alikuchimbia wapi?" Mama Zege akauliza.

"Jikoni, ukuta wa upande wa bafu. Nyuma ya ungo."

"Ungo unawekwa chini kwako?"

"Chini kwa nini? Umetundikwa ukutani."

"Juu kiasi gani?"

"Futi tatu," akajibu Timazi, maana vipimo humtoka hata akiwa usingizini.

Mama Zege akashusha kikombe.

"Panya wako alipanda ngazi?"

Mafundi wakaangua kicheko. Timazi akakunja uso. "Panya hupanda ukuta, mama."

"Hupanda, ndiyo. Lakini huchimba kule anakotaka kupita. Huyu alikuwa anakwenda wapi, bafuni kuoga? Haya, mavi yake umeyaona?"

"Hapana."

"Udongo uliomwagika chini?"

Timazi akafikiri. Sakafu chini ya tundu lile ilikuwa safi. Hata punje. "Hapana."

"Panya anayefagia! Jamani, huyo msimuue, nileteeni mimi."

Vicheko vikapanda tena. Mmoja akasema panya huyo bila shaka ana shule. Mwingine akauliza kama anapika. Mama Zege alicheka pamoja nao, kisha kicheko chake kikakatika katikati, kama kamba iliyokatwa.

"Fundi," akasema polepole. "Mkeo ana miezi mingapi?"

"Sita."

"Mtu akikaa kwenye kigoda, mkono wake unafika futi ngapi?"

Mama Zege akainama karibu, akashusha sauti ili wengine wasisikie.

"Mwanangu wa tatu, mimi nilikula ukuta wa nyuma kwa mama mkwe mpaka mvua ikapata njia ya kuingilia. Kwa kijiko. Na nilifagia."

Kijiko. Zile kingo laini, zilizozunguka kama bakuli. Timazi, aliyeweza kuona unene wa kidole kwenye ukuta wa mtu mwingine, aliona kwa mara ya kwanza kilichokuwa kwenye ukuta wake. Kikombe kikamtoka mkononi. Akapiga simu, ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena.

"Usisimame hapo kama nguzo!" Mama Zege akamfokea. "Nenda!"

Akanyakua baiskeli ya msimamizi bila kuomba. Alikanyaga mpaka mnyororo ukalia kwa uchungu. Njia nzima aliisikia sauti ile kichwani: kwaru, kwaru, kwaru. Aliiona chupa ikishuka kooni mwa mkewe, ikishuka zaidi, na kila alipofika pale mawazo yake yalikataa kuendelea, yakarudi mwanzo. Mimi ndiye niliyeponda. Mimi ndiye niliyekanda. Nilisawazisha kwa mwiko, asijue.

Alipofika uani aliitupa baiskeli, akasimama kusikiliza. Hakukuwa na sauti. Njiani aliomba asiisikie. Sasa aliomba aisikie, maana kimya nacho kina maana mbili.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo uko chini miguuni pake. Ukutani tundu lilikuwa wazi tena, nusu. Mapajani alikuwa na kisahani, na juu ya kisahani donge la udongo mbichi lenye alama ya kijiko. Jua la dirishani lilikuwa juu yake, na donge lilimetameta.

"Umekula?" Timazi akauliza. Sauti haikuwa yake.

Mkewe hakuinua uso.

"Nakuuliza, umekula? Umemeza?"

"Sijameza." Akaonyesha ncha ya kidole, imefungwa kwa pindo la kanga, tone jekundu limepenya. "Huwa naufinyanga kwanza. Ndipo ukanichoma."

Timazi akaketi sakafuni palepale. Alitaka kumshukuru Mungu kwa sauti, lakini mkewe alisema kwanza, na alisema taratibu, bila hasira, jambo lililomtisha zaidi.

"Ungeniambia tu."

"Nini?"

"Ungeniambia, nimekugundua, acha. Ungenitukana, hata. Umenicheka mara moja nikavumilia, ungenicheka tena. Lakini chupa, baba? Chupa ili nijifunze?"

Ilimchukua Timazi muda kuelewa. Alipoelewa, aliona bora angeangukiwa na ghala lote.

"Hapana! Nilidhani ni panya!"

"Panya."

"Wallahi, panya!"

"Panya wa futi tatu?" Sasa aliinua uso, na macho yalikuwa yamejaa. "Wewe? Wewe unayepita barabarani ukasema nyumba ya fulani imeinama, hata hujasimama? Ushindwe kujua tundu la kijiko na tundu la panya? Mtu mwingine angeniambia hivyo ningemwamini. Wewe siwezi."

Hapo ndipo sifa zake zote zilipomgeukia. Kwa miaka mingi alikuwa amejenga jina la mtu asiyekosea, tofali juu ya tofali, na sasa jina hilo lilisimama kati yake na mkewe, na lilikuwa ukuta mzuri sana, hauna ufa. Hakuna aliyeweza kuubomoa ila yeye.

Akainuka, akaenda nyuma ya gunia la mkaa. Akarudi na mtego. Karanga ilikuwa ingali juu yake, imekauka. Akauweka mapajani pa mkewe karibu na kisahani, kisha akaweka kidole gumba chake cheusi kando ya meno ya mtego. Meno na jeraha vilikutana barabara.

"Hakukuwa na nyundo," akasema. "Niliutega usiku, asubuhi nikaupapasa bila kuangalia. Kidole kiliona haya, mimi niliona haya zaidi. Fundi mwenye panya. Fundi aliyejitega mwenyewe. Na leo Mama Zege amenieleza mbele ya kazi nzima kwamba mimi ni mjinga. Alisema, panya wako alipanda ngazi? Sikuwa na jibu. Mke wangu, mimi ni mjinga. Sijui kusema zaidi ya hapo. Niliona tundu, sikukuona wewe."

Mkewe alitazama mtego. Akatazama karanga. Akatazama kidole.

"Siku nne," akasema, "nimekupaka mafuta ya nazi kwenye hicho kidole, nikiilaani nyundo."

"Ndiyo."

"Nikaificha chini ya kitanda, isikuumize tena."

"Kumbe ndiyo maana sikuiona!"

Kitu kikamtoka mkewe kifuani; kilianza kama kilio, kikageuka njiani. Alicheka mpaka kisahani kikateleza, Timazi akakidaka kabla donge halijadondoka. Kisha akalia kweli. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Timazi alikuwa amejikwaa vyote viwili, na akaanza kuona kipi kiliumiza zaidi.

"Ulisema nyungunyungu," mkewe akasema akijifuta.

"Nilisema."

"Nilitaka kukwambia siku ileile. Si kwamba napenda. Ni kama kiu. Nikifumba macho nauona ukuta. Nikipita kwa jirani wanapopiga lipu, mate yananijaa, naona aibu, nageuka njia. Kliniki muuguzi aliniuliza kabisa: mama, unakula udongo? Nikasema hapana. Nilifikiri, nikisema ndiyo, na likatokea kama la mara ile..." Akashika tumbo. "Mtasema niliiua mimi, kwa mdomo wangu."

Mficha uchi hazai, husema watu, kama kwamba anayeficha huficha kwa kupenda. Hakuna anayewauliza waliomchekea mpaka akatafuta pa kujificha.

"Na kizunguzungu?" akauliza baadaye. "Juzi ulishika meza."

"Naona nyota mchana. Nikiinuka upesi, naziona zote."

"Alisemaje, huyo muuguzi? Kwa nini aliuliza?"

"Alisema viganja vyangu vyeupe. Kwamba damu ikipungua, mwili mwingine hutamani udongo, lakini udongo wenyewe hauongezi damu, hupunguza. Na una minyoo. Akasema kama ni hivyo nirudi, kuna vidonge. Nikasema si hivyo."

Timazi akainuka. Alichukua mwiko wake mdogo, akaanza kutoa kiraka chote, kila punje, akikusanya kwenye karai. Alipangusa tundu kwa kitambaa kibichi mara tatu, kama alivyouchekecha ule udongo mara tatu. Akafagia sakafu, akapiga magoti akaitazama sawa na jicho lake, kutafuta chembe yoyote inayong'aa. Mkewe alimtazama.

"Huzibi?" akamuuliza.

"Jioni. Kwa saruji. Saruji haina harufu nzuri." Akanawa mikono, akatoa kanga safi kwenye kamba. "Sasa vaa viatu. Kliniki inafunga saa saba."

"Na kazi yako? Na hiyo baiskeli si ya msimamizi?"

"Msimamizi ana miguu."

Mkewe akavaa kiatu kimoja, akasimama na kingine mkononi.

"Nitamwambia muuguzi nilimdanganya?"

"Nitamwambia mimi. Nitamwambia mumeo alikufanya uone haya. Hiyo ndiyo habari yenyewe."

Mkewe alikuwa bado ameshika kile kiatu. Ilionekana kuna kitu kimembana.

"Bado kuna kingine," akasema. "Lakini utacheka."

"Sema."

"Sisemi."

"Sema, mke wangu."

"Chuma cha timazi yako. Hicho kilicho mfukoni. Ukirudi kazini kina harufu... Nataka kukilamba. Wiki mbili sasa. Jumapili ulipolala nilikitoa mfukoni, nikakinusa, nikakirudisha."

Kicheko kilimpanda Timazi kutoka tumboni kama maji ya kisima. Kilifika kifuani, kikafika kooni. Mashavu yalimvimba. Akauma mdomo, akautazama ukuta, akahesabu tundu moja, na kicheko kikashuka kikaenda kilikotoka. Mkewe alimwona akihangaika, na macho yake yenyewe yakaanza kucheka.

Timazi akapiga goti, akamvika kiatu cha pili. Akafunga gidamu kwa kidole chake kibovu, taratibu. Kisha akainua uso, akaweka kiganja juu ya tumbo, akasema kwa sauti, kwa hao wawili, mke na mtoto:

"Sikilizeni, nanyi kuta msikie, maana mna masikio. Kuanzia leo, chochote mtakachokitamani nitajieni, hata kama ni msumari, hata kama ni jivu la jiko. Kama ni salama nitakileta. Kama si salama nitakaa nanyi hapa mpaka hamu ipite. Lakini sitacheka. Naahidi. Sitacheka."